Nakariri maneno 30 kwa siku, mbona mhadhiri asema haelewi ninachoandika?

Mwalimu, shikamoo.

Mimi ni msichana wa miaka 21, nakaa Mishomoroni na wazazi wangu. Niko mwaka wa pili katika chuo kimoja hapa kisiwani Mombasa, nasomea ununuzi na ugavi. Shuleni sikuwa mbaya. KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, nilipata A ya Kiswahili na C+ ya Kiingereza, na kwa kuwa hesabu zangu zilikuwa nzuri, nilidhani nikifika chuoni mambo yatajipanga yenyewe. Hayakujipanga.

Shida ni Kiingereza. Kile cha kuombea maji ninacho. Kinachonishinda ni cha vitabuni. Nafungua kitabu cha kozi, nasoma ukurasa mzima, nikifika chini siwezi kumwambia mtu nimesoma nini. Narudia. Nikirudia tena usingizi wanichukua.

Nikaamua kupambana. Tangu muhula uanze nakariri maneno 30 kila siku. Nina daftari, kushoto Kiingereza, kulia Kiswahili. Maneno nayatoa kwenye kitabu cha misamiati migumu nilichonunua kwa wauza vitabu vikuukuu Mwembe Tayari. Nimeshashika "plethora", "ameliorate", "conundrum", "ubiquitous", na mengine mengi. Mdogo wangu huniuliza usiku, naye hubaki kinywa wazi. Tena nimeweka programu ya sarufi kwenye simu, ile ya kuchagua jibu A, B au C, na mara nyingi napata zaidi ya 80 kwa 100.

Halafu tukapewa asaimenti ya kurasa nne kuhusu sheria ya ununuzi wa umma. Niliandika kwa moyo wote. Ikarudi na 41, imejaa wino mwekundu. Sentensi niliyoipenda kuliko zote imepigiwa mstari, pembeni ameandika "Meaning?" Sentensi yenyewe ni hii: "Although the Act was passed in 2015, but a plethora of suppliers they are not ameliorated by it because the informations which they are given them is a conundrum." Mwisho wa karatasi ameniambia nipunguze maneno makubwa na nisome zaidi. Nisome zaidi nini, mwalimu, na mimi nasoma kila siku?

Wiki iliyofuata tukawa na uwasilishaji wa kikundi. Nilisimama nikasema "Me I think that...", darasa likacheka, na yaliyobaki yote yakanitoka kichwani. Wenzangu waliosomea Nairobi huongea tu bila kusita. Kaka yangu asema dawa ni moja: niache Kiswahili kabisa, nyumbani niongee Kiingereza hata na mama. Nimejaribu. Nikimsemesha mama Kiingereza hunijibu, "Mwanangu, chai yapoa."

Kuna bwana mmoja ana darasa la jioni mjini, ada yake shilingi 9,000 kwa mwezi. Aahidi kwamba mwezi ukiisha nitaongea kama msoma habari wa televisheni. Baba yuko tayari kutoa, lakini najua pesa hizo atazitoa wapi.

Mitihani ni miezi mitatu kutoka sasa. Nianzie wapi? Niache Kiswahili? Nilipe hilo darasa?

Aliyekwama, Mishomoroni

*

Marahaba, mwanangu.

Kwanza nikwambie jambo ambalo wino mwekundu haukukwambia. Nyuma ya sentensi yako kuna hoja nzuri. Wataka kusema kwamba sheria ilipitishwa mwaka 2015, ila wauzaji wengi haijawafaa kwa sababu maelezo wanayopewa hayaeleweki. Asiyeelewa somo hawezi kuwaza hivyo. Kilichoharibika ni lugha uliyoipa hoja hiyo, na lugha yatengenezeka. Miezi mitatu haitakufanya bingwa, lakini yatosha kuitoa hiyo 41 ilipo.

Hebu tuivunje sentensi. Ikiandikwa kwa Kiingereza cha kawaida yawa hivi: "Although the Act was passed in 2015, many suppliers have not benefited from it because the information they are given is unclear." Neno la kushtua watu humo halimo, na hakuna mhadhiri atakayeuliza maana yake.

Tazama kilichobadilika. "Although" imebaki, "but" imeondoka. Kiswahili chakubali "ingawa sheria ilipita, lakini wengi hawaijui", na hakuna atakayekukosoa. Kiingereza huchukua moja kati ya hizo mbili, basi. "Suppliers they" imekuwa "suppliers" peke yake. Hilo "they" lilitoka wapi? Lilitoka kwenye kitenzi chetu, kwa maana kitenzi cha Kiswahili kwa kawaida hakiendi bila kiambishi cha mtendaji: wauzaji hawafaidiki. Ile "wa" iliyo katikati ndiyo uliyoigeuza "they". Na "which they are given them" ni jambo lilelile limekuja kwa mlango mwingine. Sisi twasema "maelezo wanayopewa", na hiyo "yo" yaturudisha kwenye maelezo, nawe ukaona ni lazima uirudishe kwa "them". Kiingereza kikishasema "which" kimemaliza kazi hiyo. Mwisho "informations". Kwetu maelezo ni wingi, kwao ni kitu kisichohesabika, hakipewi "s" wala "an". Katika fani yako yamejaa ya namna hiyo: "equipment", "machinery", "software", "advice". Yashike sasa, maana utayaandika mpaka siku ya kustaafu.

Makosa manne, na asili yake moja: wawaza kwa Kiswahili kizuri, kisha waandika. Mimi naliona hilo kuwa jambo la heri. Mtu anayekosea ovyo ni vigumu kumsaidia. Anayekosea kwa kanuni, ukimwonyesha kanuni ameshapona nusu.

"Ameliorate" ni kesi nyingine. Hapo sarufi haina hatia. Neno hilo lamaanisha kuipunguzia hali mbaya ubaya wake, kwa hiyo kinachoweza kuwa "ameliorated" ni hali: umaskini, msongamano bandarini, uhaba wa maji. Mtu hapana. Daftari lako limekuandikia "kuboresha" likaishia hapo. Halikukwambia neno hilo huandamana na maneno gani, hutumika katika maandishi ya aina gani, wala ni mara chache kiasi gani watu wa fani yako hulitumia. Kukariri neno bila sentensi yake ni sawa na kujua majina ya steji zote za Mombasa bila kujua matatu ipi yapita wapi.

Kwa hiyo hicho kitabu cha misamiati migumu kirudishe Mwembe Tayari, kama muuzaji atakipokea. Maneno 30 kwa siku ni mengi mno, na zaidi ya hayo, si maneno unayoyahitaji. Najua tabia hii twaipata wapi. Shule ya msingi tulifundishwa kwamba insha nzuri ni ile ambayo jua limechomoza kwa madaha, ndege wakaimba, na mtu akaruka kwa furaha ya kupita kiasi. Kila neno la kifahari likapewa tiki. Chuoni tiki hizo hakuna. Mhadhiri ana rundo la karatasi mbele yake, na kwa kila moja atafuta kitu kimoja: huyu asema nini?

Maneno ya kukufaa yamekwisha kukusanywa, na hayauzwi. Mtafiti wa New Zealand aitwaye Averil Coxhead alichambua maandishi ya kitaaluma yenye jumla ya maneno takriban milioni 3.5, ya sanaa, biashara, sheria na sayansi. Aliweka kando maneno ya kila siku yapatayo 2,000, akatafuta yale yanayojirudia katika fani zote. Mwaka 2000 akachapisha orodha ya familia 570 za maneno, ambazo kwa pamoja ni karibu asilimia 10 ya maneno utakayokutana nayo katika maandishi ya chuo. Andika "Academic Word List" kwenye simu yako itakuja, bila malipo. Imegawanywa mafungu 10 kwa kufuata yanayotokea mara nyingi zaidi, na katika fungu la kwanza utayakuta "analyse", "assess", "benefit", "contract", "policy", "procedure", "require", "significant". Yasome tena hayo. Hiyo ni kozi yako! "Plethora" haimo wala "conundrum" haimo.

Tena nimesema familia, na hapo wewe uliyepata A ya Kiswahili una mtaji. Wajua vizuri jinsi "soma" inavyozaa somesha, someka, msomi, usomaji, somo. Kiingereza nacho huzaa, japo si kwa utaratibu kama wetu: "analyse" ni kitendo, "analysis" ni jina la kitendo, "analyst" ni mtu, "analytical" ni sifa. Usiandike neno moja, andika ukoo. Wengi hupoteza alama kwa kuandika "the analyse of the data" wakati neno wanalijua fika.

Maneno saba au manane kwa siku yatosha, tena siku tano kwa wiki. Kila neno lipe kadi yake, kipande cha karatasi tu. Mbele andika sentensi uliyoikuta kitabuni, mahali pa neno uache pengo. Nyuma andika neno na ukoo wake, na maana kwa Kiswahili ukitaka, mimi sina ugomvi na hilo. Kisha usizisome kadi, jiulize. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijipima mwenyewe kwa silabi zisizo na maana, na mwaka 1885 akaonyesha kwamba tunachokariri huporomoka haraka sana katika saa za mwanzo, kisha kasi ya kusahau hupungua. Dawa ni kurudia kwa nafasi, leo, kesho, baada ya siku tatu, baada ya wiki. Mwaka 1972 Sebastian Leitner alitoa njia rahisi ya kufanya hivyo kwa sanduku lenye vyumba: kadi uliyoipata yasogea chumba cha mbele ambacho hufunguliwa kwa nadra, uliyoikosa yarudi chumba cha kwanza. Kasha la viatu lafaa. Kama wapendelea simu, kuna programu ya Anki inayokupangia yenyewe. Na kwa foleni ninayoijua ya daraja la Nyali asubuhi, muda wa kadi hautakosa.

Sasa kusoma, ambako ndiko nataka uweke nguvu zako nyingi. Umeuliza usome nini zaidi. Wacha tusome pamoja kifungu kimoja ambacho bila shaka kimo katika noti zako, Ibara ya 227 ya Katiba ya Kenya ya 2010:

"When a State organ or any other public entity contracts for goods or services, it shall do so in accordance with a system that is fair, equitable, transparent, competitive and cost-effective."

Wengi hukwama kwenye "contracts". Jicho laiona "s", kichwa chasema "mikataba", na kuanzia hapo sentensi haina kichwa wala miguu. Ukikwama hivyo usikimbilie kamusi. Uliza swali moja: kitenzi kiko wapi? Mtendaji ni "a State organ or any other public entity", yaani chombo cha serikali au taasisi nyingine ya umma. Chafanya nini? "Contracts for goods or services", chaingia mkataba wa kupata bidhaa au huduma. Basi hiyo "s" ni ya kitenzi cha mtendaji mmoja, si ya wingi. Hata kutamka kwabadilika: likiwa kitenzi mkazo huenda mwishoni, likiwa jina mkazo huwa mwanzoni.

Endelea. "It shall do so." "It" ni nani? Ni kile chombo. "Do so" ni kufanya nini? Ni kule kuingia mkataba. Kiingereza cha vitabuni kimejaa vijineno vya kurudisha nyuma kama hivi, "this", "such", "the former", na asilimia kubwa ya usingizi wako watokana navyo, si maneno magumu. Kila ukikuta kimoja, chora mshale kwa penseli mpaka kwenye kinachorejelewa. Ukishindwa kuchora, hapo ndipo ulipopotea, rudi hapo tu, usirudi mwanzo wa ukurasa.

Na "shall". Ingekuwa "may", chombo kingeruhusiwa. Kwa "shall" kimelazimishwa. Sheria ya ununuzi ya 2015 imejaa hizi mbili, na mtu wa ununuzi asiyezitofautisha ataifanya taasisi yake ishtakiwe. Sarufi hiyo, mwanangu, haiko kwenye programu ya A, B, C.

Halafu utajiuliza, kama wameshasema "fair", mbona waongeze "equitable"? Vizuri, endelea kusoma badala ya kufungua kamusi. Fungu la pili la ibara hiyohiyo lataja kuwalinda na kuwainua watu waliowahi kunyimwa nafasi kwa ushindani usio wa haki au ubaguzi. Kumbe "equitable" yatazama pia nani alianza nyuma. Hapo ndipo yatokea asilimia 30 ya zabuni za serikali kutengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Neno limejieleza lenyewe mistari michache baadaye, na hutalisahau, kwa kuwa sasa lina kazi. Kisha chukua Katiba hiyo kwa Kiswahili, uiweke kando ya ile ya Kiingereza, uone watafsiri walifanyaje. Zoezi hilo ni bure na lashinda mazoezi mengi ya kulipia.

Sentensi moja imetuchukua muda, nami sisemi kitabu kizima ukisome hivyo. Kifungu kimoja kwa siku, kifupi, kwa undani namna hii. Kusoma kwingine kuwe kwepesi na kwingi. Watafiti Hu na Nation mwaka 2000 walionyesha kwamba ili mtu aelewe maandishi vizuri bila msaada, ahitaji kujua karibu maneno 98 katika kila 100. Jipime: katika ukurasa wa maneno 300, yasiyojulikana yasizidi sita. Yakifika 20 au 30, kitabu hicho bado ni kikubwa kwako, na kukirudiarudia usiku ni kujitesa bure. Kiache kwa wiki moja, usome kuhusu mada hiyohiyo mahali pepesi zaidi. Kurasa za biashara za magazeti yetu ya Kiingereza huandika kila mara kuhusu bandari, zabuni, na reli ya SGR iliyofunguliwa 2017. Ukirudi kitabuni utakuta nusu ya maneno umeshayazoea.

Programu ya sarufi usiifute, ila ujue inachopima. Kuchagua "was" kati ya majibu matatu ni jambo moja, na "was" kukujia mkononi uandikapo ni jambo jingine. Ndiyo maana wapata 80 kwenye simu na 41 darasani. Kitabu chako cha sarufi ni hiyo asaimenti iliyorudi. Chukua kila kosa, liandike kwenye daftari, andika sentensi sahihi chini yake, kisha utunge mbili zako za namna hiyo. Nadhani makosa hayatapita aina sita au saba. Mbali na yale manne, tazama "a" na "the", kwa kuwa Kiswahili hakina kitu kama hicho. Kanuni ya kuanzia ni kwamba jina la kitu kimoja kinachohesabika halisimami uchi: "supplier delivered" hapana, ama "a supplier" ama "the supplier". Tazama pia nyakati: palipotajwa mwaka fulani wa nyuma, ni "was opened in 2017", kamwe si "has been opened in 2017". Na vihusishi, kwa vile "-ni" yetu hufanya kazi ya watu watatu: mezani ni "on the table", mjini ni "in town", nyumbani ni "at home". Hapo hakuna kanuni itakayokuokoa, ni kuona mara nyingi na kuandika mara nyingi.

Kuhusu mtihani, jambo la haraka. Tazama kitenzi cha kwanza cha swali kabla ya kitu kingine chochote. "Outline" yataka hoja kwa ufupi. "Discuss" yataka pande zote na maelezo. "Evaluate" yataka uamue, useme kipi chafaa na kwa nini. Wapo wanaoandika "outline" nzuri sana kwenye swali la "evaluate" wakashangaa alama zimekwenda wapi.

Sasa kaka yako. Nia yake njema, ushauri wake haufai. Kiswahili hakijakuzuia kujua Kiingereza. Wapo wengi hapa Pwani walioongea Kiswahili nyumbani maisha yao yote na leo waandika ripoti za kortini na za bandarini. Katiba yenyewe, Ibara ya 7, imezitaja zote mbili kuwa lugha rasmi. Kisha fikiria, ukiongea Kiingereza cha kubahatisha na mtu asiyeweza kukukosoa, utazoea nini kama si makosa yako? Mwache mama anywe chai yake.

Badala yake kitumie Kiswahili. Ukimaliza kifungu, funga kitabu, mweleze mtu kwa Kiswahili umesoma nini. Huyo mdogo wako anayekuuliza maneno usiku afaa sana, kwa kuwa hataelewa ukibabaisha. Ukishindwa kueleza kwa Kiswahili, hukuelewa, na shida hapo si Kiingereza. Ukiweza, chukua karatasi, uandike hoja hiyo kwa Kiingereza kwa sentensi tano bila kuchungulia, ndipo ufungue ulinganishe. Wanasaikolojia Roediger na Karpicke mwaka 2006 waliwapa wanafunzi maandishi, baadhi wakayasoma tena, wengine wakajaribu kuyakumbuka bila kuangalia. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki walikuwa nyuma kwa mbali. Mtihani wako hauko dakika tano mbele.

Kuhusu "Me I think", waliocheka wengi wao husema hivyohivyo wakiwa kantini. Ni "mimi naona" yetu imevuka mpaka. Kwenye maandishi iondoe, kwenye mazungumzo usiipe kichwa chako nafasi. Kilichokuangusha siku ile ni kwamba ulikatizwa ukiwa bado hujapata pa kukanyaga. Uwasilishaji ujao, sentensi mbili za kwanza ziandike na uzikariri, neno kwa neno, uziseme kwa sauti mara nyingi nyumbani mpaka zitoke zenyewe. Zilizobaki ziwe vidokezo tu kwenye kikaratasi. Watu wakicheka, subiri wamalize, uendelee na sentensi ya pili ambayo tayari unayo. Na hao wa Nairobi, ufasaha wa kuongea wanao, wa kuandika sina hakika. Omba kubadilishana asaimenti na mmoja wao uone. Huenda akahitaji msaada wako wa hesabu, mkafaana.

Limebaki darasa la jioni. Mimi sipingi kulipia mwalimu, napinga kulipia ahadi. Kuongea kama msoma habari kwa mwezi mmoja hakupo, na hata kungekuwepo, si hicho unachofelia. Wewe wafelia kuandika na kusoma. Kabla baba hajatoa shilingi, nenda ukaulize mambo matatu. Je, wanafunzi huandika kila wiki, na nani husahihisha? Wako wangapi darasani? Je, waweza kuleta asaimenti na vitabu vya kozi yako mkavifanyia kazi hapo, au kila mtu afuata kijitabu kimoja? Bwana akisema yeye mwenyewe husahihisha, darasa ni dogo, na vitabu vyako vyakubalika, keti kipindi kimoja bila malipo ndipo muamue. Akianza kukuonyesha picha za wanafunzi wake walio ng'ambo, muage kwa adabu, na hizo 9,000 baba aziweke kwa nauli yako na kopi za mitihani ya miaka iliyopita.